Grupu ndani ya gari: tuangalie moshi

Juma hili tuzungumze juu ya vijana wanaojitengenezea gari la umeme. Betri zikiisha haraka, wanafikiri kuweka grupu nyuma ya viti ijaze betri gari likitembea. Wazo lenyewe si baya: BMW iliuza gari i3 lenye injini ndogo ya kazi hiyo. Lakini ile ilitoa kilowati 25 hivi, na moshi wake ulipita nje kwa bomba.

Grupu ndogo ya nyumbani hutoa kilowati 2. Gari dogo likitumia kilowati-saa 15 kwa kilomita 100, saa nzima ya grupu inalipa kilomita 13 tu, na esanse imekwenda.

Hatari kubwa ni moshi. Ndani yake mna monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inaua mtu akiwa usingizini, na kufungua dirisha hakutoshi. Mtoto akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au kutapika karibu na grupu, mtoe nje upesi, mpeleke kituo cha afya.

Tusiwavunje vijana moyo. Tuwaambie: gari lisimame, grupu ishushwe, iwashwe uwanjani mbali na madirisha. Esanse isiongezwe grupu ikiwa moto. Na mtoto asipande gari lenye grupu inayowaka ndani, hata kwa safari fupi ya sokoni.

Nyumbani pia sheria ni hiyo: grupu hailali ndani na watu.