Gobole humwadhibu kwanza anayelishika

Kila mara polisi au askari wa wanyamapori wanapoonyesha silaha walizokamata katika vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba Maswa, magobole hayakosekani. Mazungumzo yanayofuata huwa yale yale: ujangili, ujambazi, miaka ya kifungo. Yana haki ya kuwepo, lakini yanaacha pembeni jambo ambalo mkulima wa Itilima au Meatu alipaswa kuambiwa kabla ya mengine yote. Gobole lililotengenezwa uani ni chombo kibovu, na ubovu wake hautokani na fundi kukosa ustadi, kwa hiyo hakuna fundi hodari wa kuuondoa. Naamini tungelisema hili waziwazi, wengi wangelisalimisha kwa kuhofia mkono na macho yao mapema kuliko wanavyolisalimisha kwa kuhofia jela.

Tuanze na chuma chenyewe. Fundi wa kijijini hutumia anachokipata, mara nyingi bomba la maji au kipande cha gari bovu. Bomba la maji la nyumbani hutengenezwa kuhimili presha inayozidi ile ya tairi la gari kwa mara chache tu, na mengi yana mshono unaopita urefu wake wote. Baruti inapowaka ndani ya mtutu, hata ile nyeusi ya kizamani, presha hupanda kwa ghafla hadi kuzidi ya tairi kwa zaidi ya mara 100. Bomba likistahimili leo, haimaanishi litastahimili kesho. Kila mpigo huacha masizi yanayoleta kutu, na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho huzidi kupanuka. Bunduki iliyopiga mara 50 bila ajali haijathibitisha lolote kuhusu mara ya 51. Ikipasuka, mara nyingi hupasukia nyuma, ulipo uso wa mpigaji na mkono ulioushika mtutu.

Nchi zenye viwanda vya bunduki zililitambua tatizo hili zamani. Chama cha watengeneza bunduki wa London kilipata hati ya kifalme mwaka 1637 na kupewa kazi ya kupima mitutu. Birmingham ikajengewa nyumba yake ya upimaji mwaka 1813. Huko mtutu hufungwa mahali salama na kufyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko kiwango chake, na ule unaosalimika ndio unaogongwa muhuri. Ipo mitutu iliyopasuka papo hapo ingawa ilifuliwa na mafundi waliorithi kazi hiyo kwa baba na babu. Maana yake ni kwamba hata wao, pamoja na vyuma vyao vilivyochaguliwa, hawakuruhusiwa kujiamini kwa macho na uzoefu. Gobole letu halina jaribio isipokuwa lile linalofanywa likiwa begani mwa mnunuzi.

Wapo watakaosema babu zetu walitumia bunduki hizo na hawakudhurika. Ni kweli kwamba enzi za misafara na vita vya mtemi Mirambo, bunduki za gumegume zilienea Unyamwezi na majirani zake, na Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliobana uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, uliziachia gumegume mlango. Lakini zile zilitoka kwenye viwanda vya Ulaya, na hata hivyo zile za bei rahisi zilizotengenezwa kwa soko la Afrika zilisifika vibaya kwa kupasuka. Tunazikumbuka zilizodumu kwa sababu zilirithiwa. Zilizopasuka zilitupwa, na waliojeruhiwa nazo hawana aliyewasimulia. Hata leo majeruhi hajulikani kwa urahisi. Anayetaka kutibiwa jeraha la namna hiyo mara nyingi huambiwa aje na fomu ya PF3, na fomu hiyo hutolewa na polisi. Mtu aliyekatwa vidole na silaha asiyotakiwa kuwa nayo ana kila sababu ya kubaki nyumbani na kidonda chake, au kusema uongo. Kwa hiyo ukimya wa vijiji kuhusu ajali hizi usichukuliwe kuwa ushahidi kwamba hazitokei.

Hatari huwa kubwa zaidi pale gobole linapobadilishwa lipokee risasi za kiwandani. Risasi ya bunduki ya kivita huzalisha presha inayozidi ya tairi kwa zaidi ya mara 1,000, na chuma cha kuokoteza hakina namna ya kuihimili. Vivyo hivyo kwa mwenye silaha halali anayempelekea fundi wa kuchomelea aikate au aitengeneze upya: kibali chake hakimkingi na mlipuko, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu kazi hiyo kufanywa na asiye na leseni.

Hoja nzito kuliko zote ni ya tembo. Wakazi wa kandokando ya hifadhi hupoteza mahindi, pamba na wakati mwingine ndugu zao, na kile kinachoitwa kifuta jasho na kifuta machozi, kama jina linavyokiri, si fidia. Hasira yao naiona kuwa ya haki kabisa. Ila gobole halitibu hasira hiyo. Vipande vya chuma vinavyorushwa na mtutu usionyooka humjeruhi tembo bila kumwangusha, na tembo aliyejeruhiwa ni hatari kwa kijiji kizima. Tochi zenye mwanga mkali, pilipili, mizinga ya nyuki na askari wanaofika kwa wakati havimfukuzi tembo kila siku, lakini havimpofushi mkulima. Kuhusu wezi wa mifugo, Usukuma wenyewe una jibu lake: Sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliutuliza wizi wa ng'ombe kwa mwano, yaani ukelele wa kuitana, pinde na mishale, na nguvu yao ilikuwa kijiji kizima kutoka kwa pamoja.

Kuna pia wanaohofia kwamba kumwonea huruma mwenye gobole ni kumfungulia jangili mlango. Katika mkoa wetu wa Simiyu hakuna anayeweza kulipuuza hilo. Januari 2016 rubani Roger Gower aliuawa kwa risasi za majangili wa tembo akiwa kwenye helikopta juu ya Pori la Akiba Maswa. Lakini kumiliki silaha bila kibali kumewekwa kwenye makosa ya uhujumu uchumi, ambayo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 20, na mkulima mwenye bomba lenye kutu ukutani huingia katika kapu moja na mfanyabiashara wa meno ya tembo. Adhabu kubwa kiasi hicho humfanya alifiche zaidi badala ya kulirudisha.

Umoja wa Afrika uliutenga mwezi Septemba kuwa wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, na Tanzania imekuwa ikitoa nafasi hiyo. Nafasi hiyo imlenge pia fundi. Mikono inayotengeneza gobole ndiyo inayotengeneza plau na mikokoteni msimu wa pamba unapoanza, na Usukuma ulipata majembe yake kwa wahunzi Warongo muda mrefu kabla ya duka la kwanza kufunguliwa. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, iende kwa mafundi hao na mashine, chuma kinachofaa na oda za zana za kilimo, mwezi ule ule ambao polisi wanapokea magobole. Hospitali nazo zimtibu kwanza majeruhi wa gobole, habari za fomu zifuate baadaye.