Akiacha anachokipenda, usiseme ni uvivu

Juni 6, 1970, Syd Barrett alipanda jukwaani katika ukumbi wa Olympia, London, akiwa na miaka 24. Tangu aachane na Pink Floyd mwaka 1968, ilikuwa nadra kumwona akiimba kwa jina lake mwenyewe. Aliimba nyimbo nne, akaweka gitaa chini, akashuka.

Mashabiki wake bado wanaifuatilia siku ile. Wanasikiliza kanda iliyorekodiwa na mtu aliyekuwa ukumbini, ambayo sauti ya mwimbaji haisikiki vizuri, wakitaka kujua kwa nini aliondoka.

Mimi hujiuliza jingine: dalili zilionekana lini? Zilikuwepo mapema. Akiwa bado na bendi alitumia LSD, na kuna siku alisimama jukwaani bila kupiga gitaa. Mwishowe alirudi kwao Cambridge, akawa anachora na kutunza bustani, hadi alipofariki mwaka 2006.

Binamu yangu alikuwa mwimbaji wa kwaya. Alipoacha mazoezi ghafla, nyumbani tulisema ni uvivu; shangazi akasema amerogwa. Tulipoteza miezi minane kabla ya kumfikisha kliniki ya afya ya akili. Leo anaimba tena, Jumapili mojamoja.

Mzazi, mwanao akiacha alichokipenda, halali, hataki watu, na wiki mbili zinapita, usimkaripie. Keti naye, umsikilize, kisha mwende pamoja kituo cha afya.