Flashi kusomwa haraka: Lusangi itanufaika na nini?

Mtu anapochomeka flashi kwenye kompyuta inayotumia Linux, mashine husubiri sekunde moja nzima kabla ya kuanza kuikagua. Haisubiri kwa sababu imechoka, wala kwa sababu flashi ni mbovu. Imeagizwa kusubiri. Tangu 2024 agizo hilo linaweza kupunguzwa hadi sehemu ndogo ya sekunde. Swali ni kama mabadiliko hayo yana uzito wowote kwa maeneo ambako mtandao ukikosekana taarifa hubebwa mkononi, kama Lusangi, kusini mwa Maniema.

Lusangi ni mojawapo ya zone 18 za afya za mkoa wa Maniema. Kama ilivyo kwingine nchini Kongo, vituo vya afya huandaa ripoti kila mwezi: wagonjwa wa malaria, akina mama waliojifungua, watoto waliochanjwa, dawa zilizobaki. Ripoti hizo hukusanywa katika ofisi kuu ya zone na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na nchi nzima, ili zisomwe Kindu na Kinshasa. Pasipo na mtandao wala umeme wa uhakika, faili moja lililopotea si jambo dogo. Takwimu zikichelewa au zikipungua, dawa za mwezi unaofuata hukadiriwa kwa kubahatisha.

Kwa nini mashine husubiri

Kazi ya kutambua flashi hufanywa na keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwa kutumia programu ndogo inayosimamia kifaa, ambayo mafundi huiita draiva. Kwanza keneli huona kwamba kuna kitu kimechomekwa. Husubiri umeme utulie kwa kama milisekunde 100, kwa kuwa mkono wa mtu hutikisika wakati wa kuchomeka. Kisha hukipa kifaa namba yake, hukiuliza ni cha aina gani, na kukikabidhi kwa draiva inayohusika.

Hapo ndipo kulikuwa na subira ndefu. Draiva ya flashi katika Linux iliwekewa kusubiri sekunde 5 kabla ya kuuliza ukubwa wa flashi na yaliyomo. Baadaye muda huo ulishushwa hadi sekunde 1. Sababu yake ni kwamba ndani ya flashi kuna kompyuta ndogo ambayo nayo inahitaji muda wa kuamka. Ikiulizwa kabla haijawa tayari, flashi nyingine hutoa majibu ya makosa au haijibu kabisa.

Tatizo lilikuwa kwamba muda huo ulipangwa kwa sekunde kamili tu. Mtengenezaji wa kifaa alikuwa na chaguo mbili: sekunde 1, ambayo ni ndefu kwa mashine ndogo kama redio ya gari, au sifuri, ambayo huzifanya baadhi ya flashi zishindwe kusomeka. Mabadiliko ya 2024 yalifungua nafasi iliyo katikati. Sasa muda unaweza kuandikwa kwa milisekunde, kwa mfano 200 au 300. Lakini asiyegusa chochote hubaki na sekunde 1 ileile, ili flashi za zamani zisianze kuleta matatizo.

Si mara ya kwanza kwa Linux kupunguza kusubiri kwa namna hii. Mwaka 2006 iliongezewa uwezo wa kukagua diski kadhaa kwa wakati mmoja badala ya kumaliza moja ndipo ianze nyingine, jambo lililofupisha muda wa kuwasha seva zenye diski nyingi.

Nani anafaidika

Tuseme karani wa ofisi ya zone anapokea flashi 20 kwa siku, na fundi ameshusha muda hadi milisekunde 200. Ataokoa sekunde 16 kwa siku nzima. Hakuna mgonjwa wa Kabambare wala Kasongo atakayeona tofauti.

Tena kuna vizingiti. Mabadiliko hayo yamo katika Linux tu; kompyuta yenye Windows ina taratibu zake. Simu za Android nazo hutumia keneli ya Linux, lakini keneli hiyo huja na simu kutoka kiwandani, na simu nyingi za bei nafuu hazipati mpya baada ya kuuzwa. Kompyuta kuukuu iliyoletwa kama msaada inaweza kuishi miaka yake yote bila kuguswa na kazi iliyofanyika 2024.

Zaidi ya hayo, kushusha muda kuna hatari yake. Flashi za bei rahisi na za bandia, zinazouzwa sokoni bila dhamana, ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kuchelewa kuamka. Fundi akiweka muda mfupi mno, atapata mashine ya haraka inayokataa flashi za watu wake.

Hatari iko kwenye kuchomoa

Sekunde ya kuingia huudhi, lakini haipotezi kitu. Kinachopoteza ni haraka ya kutoka. Mtumiaji anaponakili faili, Linux huweza kuliweka kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuonyesha kwamba kazi imekwisha, wakati flashi bado haijaandikwa. Kwa mpangilio wa kawaida wa keneli, data inaweza kukaa hapo kama sekunde 30 kabla ya kusukumwa kwenye kifaa. Baadhi ya mifumo huiandika mapema zaidi, lakini mtumiaji hawezi kujua kwa kutazama tu.

Akiichomoa kabla, au umeme wa jua ukikatika jioni, flashi huondoka na faili nusu au tupu. Aliyeibeba atagundua akiwa amekwisha kufika, siku nzima ya pikipiki nyuma yake. Dawa yake haihitaji keneli mpya: ni kubonyeza amri ya kutoa kifaa kwa usalama, kusubiri ujumbe wa ruhusa, kisha kuirudisha flashi na kufungua faili moja kuhakikisha limo.

Kwa wanaonunua vifaa vya ofisi za zone, hesabu ni nyepesi. Flashi chache zenye ubora, betri inayohimili kompyuta hadi kazi iishe, na nusu siku ya mafunzo kwa makarani vitaokoa ripoti nyingi kuliko milisekunde 800 zilizopunguzwa. Kazi ya 2024 ni nzuri na itawasaidia wanaotengeneza vifaa vidogo, vikiwemo vile vitakavyofika vijijini siku zijazo. Kwa sasa, ripoti ya Lusangi inategemea zaidi subira ya mtu anayeichomoa flashi.