Wa Mwisho Naye Amefika

Watu wengi huitafuta maana ya maisha kana kwamba imefichwa mahali pa mbali. Mimi naona maisha yenyewe ni mwalimu, na somo lake moja kubwa ni hili: mtu hapimwi kwa nafasi aliyoipata tu, bali kwa jinsi alivyoitimiza kazi aliyopewa.

Tumtazame John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba, 1968, aliikimbilia Tanzania katika mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City. Mji ule uko juu ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi, humchosha mkimbiaji upesi. Njiani Akhwari alianguka, akaumia goti na bega. Wakimbiaji 75 walianza mbio zile, 18 hawakuzimaliza. Yeye alifungwa bendeji akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa moja kabla, jua limekuchwa, na watazamaji wengi wamekwenda zao, ndipo Akhwari alipoingia uwanjani, wa 57 na wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kuwa nchi yake haikumtuma safari ndefu namna ile ili aanze mbio, bali azimalize.

Labda msomaji atasema, "Kumaliza mkiani kwafaa nini? Nishani hakupata." Swali hilo ni la haki. Lakini mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, mtu yule yule alikuwa wa tano katika marathoni, kwa saa 2 na dakika 15. Siku moja mbaya haikuwa hukumu ya maisha yake. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nayasema haya kwa sababu kila mwisho wa muhula matokeo yabandikwapo ukutani, macho yetu hukimbilia majina ya juu, na kicheko huwaangukia walio chini. Wako wanafunzi waachao masomo kwa aibu hiyo. Wako na wazazi wasemao, "Huyu hana kichwa, na arudi akalime," kana kwamba jembe ni adhabu.

Simsifu mvivu. Mvivu hakuanguka njiani. Aliketi kivulini wenzake wakipita. Lakini ukutani jina lake na jina la aliyejitahidi akashindwa huandikwa kwa wino mmoja, na karatasi haiwezi kutuambia tofauti yao. Kazi hiyo ni yetu: mwalimu amwonaye darasani, mzazi amwonaye nyumbani, na mwenzake alalaye naye bweni moja.

Basi muhula ujao, tukisha kuwapongeza walioshinda, na waistahili pongezi hiyo, tushuke mpaka jina la mwisho. Tumwulize mwenye jina hilo ameumia wapi: ni katika hesabu, ni katika Kiingereza, au ni katika taabu za nyumbani asizozisema? Kisha tumsaidie asimame aendelee. Maana aliyeumia akafika amejifunza jambo ambalo aliyefika bila kuumia bado hajaulizwa.