Nywele za Kipilipili Zina Kosa Gani?

Binti wa kaka yangu alipomaliza kidato cha nne, wiki mbili hazikupita akaja kwangu hapa Olmotonyi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akatoa shida yake: alitaka fedha ya kuweka dawa nywele. Nikamwuliza, "Nywele zako zina kosa gani?" Akajibu, "Shangazi, zinaota, nami sijui nizifanyeje."

Nilikuwa nimejiandaa kumhubiria. Jibu lile likanifunga mdomo, maana nilipokuwa na umri wake hata mimi nisingekuwa na jibu jingine.

Mimi nilianza na kalikiti, kisha nikahamia dawa ya kunyoosha. Miaka mingi nilirudi saluni kila baada ya wiki nane, kwa kuwa dawa hunyoosha unywele uliokwisha kuota tu; unaochipuka chini yake huja na msokoto wake uleule. Siku moja, katika saluni ambayo sitaitaja, dawa ikiwa kichwani, maji ya bomba yakakatika. Hadi ndoo ilipopatikana kwa jirani, ngozi ya utosi ilikuwa imeungua. Nilirudi nyumbani nimejifunga kitambaa, nikasema naumwa kichwa. Sikusema uongo.

Tusidanganyane kuhusu dawa hii. Nyingi zina kostiki soda, ileile itumikayo kutengenezea sabuni na kuzibua mabomba. Zile zinazotangazwa kuwa hazina kostiki, mara nyingi zina jamaa yake chokaa. Kazi yake ni kuvunja viungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake, navyo havirudi tena. Ndiyo maana anayetaka kuacha hana njia ila kusubiri nywele mpya ziote, kama sentimita moja kwa mwezi, na kuzikata za zamani. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani, waliofuatilia wanawake 33,497, walitangaza kwamba waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Hilo peke yake si uthibitisho kwamba dawa ndiyo chanzo. Lakini nani aliyeweka dawa kichwani mwangu aliwahi kuniambia neno?

Sasa watainuka waheshimiwa, hasa wanaume, waseme: mkataa kwao mtumwa. Tumewasikia zamani. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga marufuku mawigi, sketi fupi na dawa za kujichubua, na vijana wakajipa kazi ya kukagua miili ya dada zao. Tena, hiyo "kwao" ni ipi? Hapa kwetu Uarusha, koko yangu alinyoa kichwa maisha yake yote akavaa shanga. Aliyefuga nywele ndefu na kuzisuka alikuwa morani. Kwa hiyo sitetei nywele za asili kwa ajili ya mila. Natetea haki ya binti kukijua kichwa chake.

Na haki hiyo, ndugu msomaji, huibwa shuleni. Katika shule zetu nyingi msichana hunyolewa tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Hiyo ni miaka 11 ya kuambiwa kwamba nywele zake ni uchafu. Siku anapotoka na cheti, nywele zinaota, naye hajui kuzichana wala kuzisuka. Nje ya lango anamkuta mwenye dawa. Mvulana naye hunyolewa, lakini nani anamngoja langoni na kopo?

Walimu husema nywele hupoteza muda, huleta chawa, na hutenga watoto wa matajiri na wa maskini. Hoja ya tatu naiheshimu. Basi wakatazeni nywele za bandia za bei kubwa, mruhusu twende kilioni. Husukwa Jumapili na dada au jirani, bila senti, ikadumu wiki nzima. Chawa huondolewa kwa maji, sabuni na chanuo. Hapa Olmotonyi tuna Chuo cha Misitu, ambako vijana hufundishwa kutunza mche tangu kitaluni. Sijasikia mwalimu wao akisema miche ifyekwe yote kwa kuwa kuipalilia kunachukua muda.

Fedha ya dawa sikumpa yule binti. Nilimketisha kwenye kigoda, nikamlowesha nywele, nikampaka mafuta ya nazi, nikamwonyesha jinsi ya kuchana kuanzia ncha kwenda shinani badala ya kuvuta toka shinani na kulia. Ilituchukua saa moja. Alishangaa kwamba haikuuma.

Kesho akitaka dawa, ni mtu mzima, aende. Lakini aende akijua anachokiacha na anachokipokea. Ninyi walimu na wajumbe wa kamati za shule, wekeni mkasi chini. Wafundisheni hawa watoto kushika chanuo kabla hawajafika langoni.