Sahihi ya Fundi wa Stima Si ya Kuuzwa

Wadau, leo tuongee ukweli kuhusu stima. Sheria ya Kawi ya 2019 iko wazi: kufunga waya za nyumba ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Na kabla Kenya Power wakuwekee mita, wanataka cheti kuonyesha waya zimefungwa na kupimwa sawasawa. Kwenye karatasi tuko sawa kabisa.

Shida iko mtaani. Mwenye ploti anachukua fundi wa bei rahisi, asiye na leseni. Kazi ikiisha, anatafutwa mwenye leseni aje kupiga sahihi tu. Wengine hata saiti hawafiki. Kijana aliyesota chuo cha ufundi, akapita mtihani, akalipia leseni, anaambiwa: "Wewe ni ghali, tuuzie sahihi."

Halafu mpangaji anafungua shawa ya umeme, maji yanampiga shoti. Mara nyingi ni ule waya wa kijani na njano, wa kupeleka umeme ardhini, haukufungwa. Hizo ni volti 240, si mchezo.

Mi nasema hivi: ukijenga, itisha leseni kabla ya bei, na uhakikishe jina liko kwa orodha ya EPRA. Na wewe mwenye leseni, ukiuza sahihi unaua soko lako mwenyewe. Kesho utalia aje kwamba makanjanja wamechukua kazi, na cheti ni wewe unawapa?