Kaka, Tulikosea Bei

Mdogo wangu wa Tarime alinitumia picha ya tangazo: Toyota Noah nyeupe, dola 2,300. Alitaka kubebea abiria wa Sirari. Nikampigia dalali, akaniandikia ankara, nikatuma amana ya dola 500. Siku ya nne ukaja ujumbe: "Samahani kaka, kijana wetu alikosea kuandika. Ni 3,200." Tarakimu mbili zimepishana, nami nadaiwa dola 900 zaidi.

Najua wengi wenu, wa Tarime na wa Serengeti, mmepitia haya, mkanyamaza kwa aibu.

Tangazo peke yake kisheria ni mwaliko wa kuja kuzungumza. Ukikuta bei imekosewa kabla hamjakubaliana, huwezi kumlazimisha mtu auze. Lakini akishakuandikia ankara yenye namba ya chasisi na bei, kisha akapokea pesa yako, mkataba umezaliwa. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kosa la upande mmoja peke yake halitoshi kuuvunja.

Huko California gazeti lilitangaza Jaguar iliyotumika kwa dola 25,995 badala ya 37,995. Mnunuzi akaja na pesa, muuzaji akakataa. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilimwachia muuzaji, kwa kuwa kosa lilikuwa la gazeti naye hakuwa na hila. Naiafiki hukumu hiyo. Aliyeteleza kwa nia njema asifilisiwe. Anayengoja amana yako iingie ndipo akumbuke bei "halisi", huyo ametega mtego. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC.

Kuna jambo jingine linalotuumiza zaidi, nalo ni bei iliyoandikwa sawasawa ila haijakamilika. Mara nyingi ile ya kwenye tangazo ni ya gari likiwa bado Japani, au likifika bandari ya Dar es Salaam tu. Mamlaka ya Mapato, TRA, hawafuati tangazo. Wana viwango vyao vya thamani ya magari yaliyotumika. Juu ya thamani hiyo huja ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, kisha VAT asilimia 18, na gari lenye miaka minane na zaidi huongezewa ushuru wa uchakavu. Kikokotoo kipo kwenye tovuti yao. Kitumieni kabla ya kumwahidi mtu gari. Wenzetu wa Ontario, Canada, wamezoea raha: tangu 2010 muuzaji anayetangaza bei lazima ajumuishe gharama zake zote, isipokuwa kodi ya mauzo na leseni. Na kwa wanaonunua pale mpakani Sirari, ulizeni kwanza ni shilingi ya Kenya au ya kwetu.

Amana yangu ilirudi baada ya wiki sita, kwa sababu ankara nilikuwa nayo. Ndugu zangu, msitume hata dola moja kabla ya kupata ankara inayotaja chasisi, sarafu, bei yote, na mahali bei hiyo inapoishia. Na wewe uliyekwisha kuumia, tuletee nakala ya ankara na ujumbe ulioandikiwa, tuzipeleke FCC kwa pamoja.